Bendi Iliyoishi Ndani ya Tangi

Mwaka ule tulikula unga wa mahindi ya manjano. Mimi tarehe usiniulize, niulize tulikula nini. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa maziwa, asubuhi na jioni, na nyama siku ya heri, na mahindi tuliyaona kuwa chakula cha wakulima wa mtoni. Kisha serikali ikatukusanya kutoka porini, ikatutia ndani ya ua wa miba na waya pembeni mwa mji wa Garissa, ikatuletea magunia. Unga umetoka ng'ambo huko, unanuka gunia, ukiupika unakaa tumboni kama tofali. Hooyo, yaani mama yangu, alionja kijiko kimoja akauliza, "Aliyetuletea hiki, tulimkosea nini?" Tukacheka, tukala, kwa sababu hakukuwa na kingine. Wengine walikuwa wamepata uhuru. Sisi tulikuwa tumepata vita, kafyu na unga wa manjano.

Shule sikuiona utotoni. Kuandika nilijifunza nikiwa tayari mama wa watoto, darasa la watu wazima kule mtaa wa Waberi, kalamu naishika kama mwiko. Kwa hiyo mkikuta sentensi inachechemea, ipeni nafasi, itafika. Lakini jambo lenyewe nililiona kwa macho haya, na sitalisema kwa sauti ya chini. Hapa Garissa, katikati ya vita vya shifta, waasi wa porini waliopigana na serikali, palikuwa na bendi ya wazungu ya magitaa ya umeme, na bendi hiyo iliishi ndani ya ardhi, na mimi niliimba nayo. Wajukuu wangu walipolisikia mara ya kwanza waliangaliana. Mmoja akasema, "Ayeeyo, bibi yetu, umekunywa dawa yako leo?"

Nimekunywa. Kaeni chini.

Kwanza mjue wimbo. Mama yangu alikuwa mtu wa Elwak, kule kwenye visima virefu ambavyo ukichungulia huyaoni maji. Wanaume hushuka wakasimama kwenye kuta za kisima, mmoja juu ya mwingine, ndoo ya ngozi inapanda mkono kwa mkono, na wote wanaimba ili mikono isipoteane. Aliye juu na ngamia husikia wimbo unatoka ardhini kabla ya maji. Ngamia naye husikia. Kila nyumba ina wimbo wake wa kunywesha, na ngamia wa nyumba ile huujua tangu yuko kwenye titi. Ukiuimba, anakuja, hata awe mbali, hata awe amechanganyika na kundi la watu wengine. Ndiyo maana kuna sharti: huuimbi kama hakuna maji. Si wimbo wa harusi, si mchezo wa watoto. Ngamia akija na kiu yake akakuta birika kavu, umemwambia uongo, na siku nyingine utaita mpaka koo likauke. Hooyo alinipiga kofi moja tu maishani mwangu, nikiwa mdogo, kwa kuuimba nikiokota kuni.

Ngamia wetu walikuwa wangapi? Hilo siandiki. Kwetu ngamia hawanyooshewi kidole kuhesabiwa. Aabo, baba yangu, alikuwa amefariki kwa homa kabla ya vita, na hao ndio aliotuachia. Hatukuwa na duka, hatukuwa na shamba, hatukuwa na ndugu ofisini. Tulikuwa na ngamia. Mchana waliruhusiwa kuchungwa mpaka alama walizoweka askari, jioni wanarudi. Maziwa yalikuwa machache, majani yenyewe yameisha, lakini kidogo kilichopatikana hooyo alinipa nikauze. Nilikuwa msichana, bado sijaolewa, nina kibali cha kutoka uani kuuza maziwa, na Kiswahili changu chote kilikuwa maziwa, sukari, kesho.

Wateja wangu walikuwa kwenye kambi ya mradi wa maji, karibu na mto. Siku ya kwanza nilifika adhuhuri, jua limekaa utosini. Kambi kimya. Nikapiga hodi, hakuna wa kuitika. Ndipo nikasikia kitu miguuni. Sisemi masikioni, nasema miguuni: ardhi ilikuwa inatetemeka, inapanda kwenye nyayo, inaingia magotini. Nikatazama chombo changu. Maziwa yalikuwa yanacheza. Miduara midogo inaanzia katikati, inakwenda pembeni, inaanzia tena, na hakuna aliyeyagusa. Nikasema bismillahi. Nikajiambia, hooyo hakunidanganya, viko visima vinavyoimba, na hapa pana kimoja.

Nikafuata miguu yangu. Kwenye mteremko palikuwa na tangi jipya la saruji lililochimbiwa ardhini, la kuwekea maji ya mifugo. Chini ya mteremko pana birika refu la kunyweshea, na bomba linatoka kwenye tangi kuja birikani. Mfuniko wa chuma ulikuwa wazi, ngazi imeshuka ndani, na waya mweusi unatoka kwenye jenereta unazama humo kama nyoka anayerudi kwake. Nikainama. Chini kule, kwenye mwanga wa taa, wazungu watatu vifua wazi. Nikajifunika macho kwa mtandio. Kisha nikafungua jicho moja.

Nyinyi gitaa la umeme mmezaliwa mkalikuta. Mimi nilikuwa najua ngoma, najua sauti ya mtu, najua kengele ya mti shingoni mwa ngamia. Ile ilikuwa kama chuma kimefundishwa kulia. Sauti inatoka kwenye masanduku mawili meusi, inagonga ukuta wa saruji, inarudi imekuwa kubwa kuliko aliyeipiga, inapanda ngazi, inanipita usoni kama joto la jiko, inakwenda zake juu. Nikakaa chini pale pale juani na chombo mapajani. Machozi yalinitoka, na huzuni sikuwa nayo. Nilikuwa sijui kama binadamu ameruhusiwa kutengeneza kitu kikubwa hivyo.

Walipomaliza wakaniona. Yule aliyekuwa kwenye ngoma akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Shuka, dada, usituogope. Sisi ni vichaa, lakini vichaa wa adabu." Akavaa shati. Akawaambia wenzake nao wavae.

Huyo alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa ameshakaa Elwak, anajua ngamia kwa harufu. Ngoma zake alizitengeneza mwenyewe kwa mapipa ya mafuta, akayawamba ngozi ya ngamia mmoja aliyemshinda kumtibu. Alisema akiipiga anamwomba radhi. Wa pili alikuwa mwalimu, ana madoa usoni kama yai la kanga, anapiga gitaa la nyuzi nene lile ambalo unalisikia tumboni. Wa tatu alikuwa fundi wa kuchimba visima, mrefu mpaka ndani ya tangi aliinama. Ndiye mwenye gitaa linalolia. Kila mmoja alitoka nchi yake, na walikuwa wanagombana kwa lugha ambayo wote watatu waliizungumza vibaya. Daktari aliniambia walivyoanza: fundi alikuja kutoka Nairobi na gitaa amelificha katikati ya mabomba ya kuchimbia, mwalimu akalisikia likilia kwenye lori, akalifuata lori kwa baiskeli mpaka kambini. Basi. Hivyo ndivyo bendi ilivyozaliwa. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ngoma kubwa, na mimi wakati ule sikujua kusoma.

Kwa nini ndani ya tangi? Kwa sababu afande mkubwa wa mji alikuwa amepiga marufuku mikusanyiko na kelele. Doria lazima isikie risasi, alisema, sio magitaa, na mgeni atakayekaidi atarudishwa kwao. Basi wakashuka ardhini. Tangi lilikuwa limekamilika, linangoja maji tu, lakini fundi aliwaandikia wakubwa wake Nairobi kwamba saruji haijakauka. Wakubwa wakisema vipi, anajibu bado mbichi. Saruji ya Garissa, katika jua la Garissa, mbichi! Daktari alicheka akinisimulia mpaka akashika ukuta, na ukuta ulikuwa mkavu kama mfupa.

Nikawa napeleka maziwa kila nilipopata, nakaa kwenye ngazi, nasikiliza. Birika la chini wakati huo lilikuwa linajazwa kwa ndoo kutoka mtoni, na zamu yetu ikifika nilikuwa nawanywesha ngamia wetu pale na kuwaimbia. Siku moja fundi alitoka tangini mbio, jasho linamtiririka, ananyoosha kidole kwangu, anaongea maneno mengi. Daktari akaja nyuma yake. "Anasema hajapata kusikia kitu kama hicho. Anataka uimbe tena."

Ngamia walikuwa wameshaondoka. Fundi alirudi na mashine ya kurekodi, sanduku la kijivu lenye magurudumu mawili juu, akaliweka kwenye jiwe mbele yangu kwa heshima kama anaweka mtoto.

"Imba," akasema. Neno hilo alikuwa amejifunza.

Nikatazama birika. Limebaki tope. Nikamwambia daktari, "Mwambie hivi. Bila maji siimbi. Ngamia hadanganywi."

"Lakini ngamia hayupo hapa, dada."

"Yuko pale kwenye kile kichaka anatafuna. Masikio yake unayaona? Bila maji siimbi. Ngamia hadanganywi."

Daktari alipomtafsiria, nilidhani fundi atakasirika. Alifunga sanduku lake polepole, akaniinamia kidogo, akashuka tangini. Hakuniomba tena. Lakini masikio hayana mlango. Wimbo ulikuwa umeshamwingia, na baada ya siku kadhaa nikamkuta anautafuta kwenye nyuzi, uzi kwa uzi, jicho moja limefungwa. Akaniuliza kwa mikono, ndivyo?

Nikatikisa kichwa. "Anakimbia," nikamwambia daktari. "Pale katikati ngamia anameza. Mngojeni ameze."

Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Nikaweka mkono kooni kwangu, nikawaonyesha maji yanavyoshuka kwenye shingo ndefu ile, yanavyochukua muda wake. Fundi akajaribu tena. Akapiga, akangoja. Mwalimu akapiga uzi mnene mmoja, akangoja. Daktari akainua mkono juu ya ngoma, akauacha hewani mpaka mimi nikaanza kusikia kiu, ndipo akaushusha. Wallahi, sikuwa nimewahi kusikia kimya kikubwa hivyo. Tangu siku hiyo walikiweka kimya kile kwenye nyimbo zao zote, hata zile za kwao. Mimi ndiye niliyewafundisha. Najivuna, ndiyo, nani amenikataza?

Kisha ikaja ile Ijumaa.

Huko barabarani gari lilikuwa limeshambuliwa. Nani alifanya, sijui, sikuwepo. Nilichokiona ni askari wakizoa ngamia wote waliokutwa malishoni, wa kila nyumba, wakawatia kwenye boma moja la miba chini ya kambi ya maji. Hakuna majani humo, hakuna maji. Walikaa hivyo tangu Ijumaa, na hata kabla ya kukamatwa ilikuwa zamu yao ya kunywa imepita. Jumapili asubuhi afande akawaita wenyewe. Akasema, kila mtu achukue wake, wasio na mwenyewe wataondoka na malori alasiri, ni mali ya shifta.

Mngemwona hooyo. Mwanamke mfupi, amejifunga kitambaa cheusi cha ujane, amesimama mbele ya mtu mwenye bunduki kana kwamba amekuja kuazima chumvi.

"Wako ni wangapi, mama?" afande akauliza. Alikuwa mtu wa bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mungu anawajua."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu."

"Alama yao?"

Hooyo akamchorea mchangani alama ya kuchoma. Mzee aliyesimama kando akasema, hiyo ni yangu. Mwingine akasema ni yangu pia. Na kweli ilikuwa yao wote, kwa sababu alama ni ya ukoo, sio ya nyumba, na nusu ya boma lilikuwa na alama hiyo. Kelele zikapanda. Huyu anamwambia yule, warya, we jamaa, ulipata wapi ngamia mweupe, babako alikuwa anafuga kuku! Yule naye anataka kumvua mwenzake kilemba. Afande alisikiliza mpaka uso ukamfunga.

"Nyote mnasema uongo," akasema. "Wote watakwenda."

Hooyo hakulia. Alinigeukia, akaniambia kwa Kisomali, "Waite."

Nikaangalia boma. Mamia ya ngamia wanaunguruma kwa kiu, vumbi limesimama, upepo unatoka kwao kuja kwetu. Askari hawakuruhusu mtu kukaribia uzio. Sauti yangu ingefia puani. Na birika lilikuwa kavu, jeupe kwa jua. Nikamwambia, "Hooyo, hakuna maji."

Alijua kama nilivyojua. Nikaokota chombo changu cha maziwa kitupu, ili kibali changu kiwe na maana, nikakimbia kambini.

Walikuwa tangini wanapiga. Nilishuka ngazi bila kujifunika macho. Maneno yangu ya Kiswahili yaliniishia, nikamalizia Kisomali, na daktari alielewa yote mawili. Nilitaka vitu viwili. Masanduku yale ya sauti wayatoe juu, yaelekee bomani. Na birika lijae.

Daktari akawatafsiria. Nikaona fundi anatazama ukuta, anatazama sakafu, anatazama bomba pale pembeni. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani hataki kujulikana na afande. Hilo lilikuwemo. Lakini alikuwa anafikiri jingine: pampu ya mtoni inaleta maji tangini tu. Birika halijai mpaka tangi lijae. Wakishafungua, nyumba yao imekwisha, na uongo wa saruji umekwisha nao, na hakuna jua litakalolikausha tena.

Mwalimu mwenye madoa alisema kitu kifupi. Fundi akacheka puani. Nikamwuliza daktari, anasema nini?

"Anasema tangi limetengenezwa kwa ajili ya maji, sisi ni wapangaji tu."

Wakaanza kutoa vitu. Ngoma zilipanda ngazi, magitaa yakapanda, masanduku ya sauti yalipandishwa kwa kamba kama ndoo kwenye visima vya Elwak, mkono kwa mkono, na mimi nikiwa katikati ya ngazi nikipokea na kupitisha. Fundi alitoka wa mwisho. Akapiga mkono ukuta mara moja, kama mtu anavyopiga ubavu wa ngamia anayemuuza. Kisha akanishikisha kipaza sauti, akaenda kuwasha pampu.

Maji yaliingia kwa kishindo. Sisi tuliosimama juu tulisikia mwangwi ule uliokuwa unakuza muziki sasa unakuza maji, halafu unapungua, unapungua, tangi linajaa, mpaka likawa bubu.

Afande alifika na askari wake, hooyo na wale wazee wakimfuata, kabla birika halijapata hata tone. Alikuta magitaa, ngoma, jenereta inaunguruma, na msichana wa maziwa ameshikilia kipaza sauti. Alitutazama mmoja mmoja.

"Kumbe ni nyinyi," akawaambia wazungu. "Askari wangu wamekuwa wakiniapia kwamba ardhi hii ina majini."

Daktari akamweleza. Sijui alitumia maneno gani, lakini nilisikia neno wimbo, nikasikia neno mwenyewe, nikasikia jaribu tu afande, utapoteza nini. Afande akatazama saa yake, akatazama malori yaliyokuwa yanapangwa. Akanigeukia.

"Haya, wewe. Imba sasa hivi. Ukishindwa, na hivi vyombo nachukua."

Birika lilikuwa kavu. Bomba lilikuwa linakohoa hewa tu. Mbele yangu bunduki, nyuma yangu hooyo, na wale wazungu watatu wameshazamisha nyumba yao kwa ajili yangu. Nikasema, na sauti ikatoka kwenye masanduku yale ikaenda mpaka ng'ambo ya mto, kwa sababu nilikuwa sijui kwamba kile kitu kimewashwa:

"Bila maji siimbi. Ngamia hadanganywi."

Mji mzima ulisikia. Askari mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Afande alinikazia macho. Alikuwa na uso wa mtu ambaye kwao nao wana ng'ombe. Akavuta debe, akakaa juu yake, akasema, "Tutangoja hayo maji."

Tukangoja. Bomba likakohoa, likatema udongo, likatema povu, kisha maji yakaja mazito, mekundu kidogo, yakakimbia kwenye birika kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikamwangalia hooyo. Akainua kidevu.

Nikaimba.

Fundi aliingia nyuma yangu na lile gitaa linalolia, mwalimu akaingia tumboni mwa ardhi, daktari akaingia na ngozi ya ngamia wake. Nimezaa watoto saba, nimehiji Makka, nimeona mafuriko ya Tana yakibeba nyumba. Sijaona tena kitu kama kile. Sauti yangu, ya msichana aliyekula unga wa manjano, ilikuwa kubwa kuliko malori. Ilikuwa inafika kila mahali kwa pamoja. Na tulipofika pale katikati, wote wanne tukanyamaza, tukangoja ameze. Na katika kimya kile, boma zima lilinyamaza. Mamia ya ngamia, shingo zimenyooka, hakuna anayeunguruma.

Kisha yule jike wetu mzee, mwenye sikio lililokatika, akajibu.

Akatoka katikati ya kundi akiwasukuma wengine kwa kifua. Akafika kwenye miba, akasimama, akatazama upande wetu. Afande akawaambia askari, "Fungueni." Akapita, na nyuma yake wengine wetu, mmoja mmoja, kila mmoja akichomoka alikokuwa, kama nyuzi unazozivuta kwenye mkeka. Wageni walibaki wamesimama, wanasikiliza kwa adabu, wimbo si wao. Wetu wakashuka mpaka birikani wakainamisha vichwa.

Dume mmoja kijana alikuja nao. Akajipenyeza, akaanza kunywa. Afande akauliza, "Na huyu?"

Hooyo akamtazama dume yule. Mzuri, mnene, wa bei. Angesema ndiyo, nani angebisha?

"Huyo si wetu," akasema. "Huyo ana kiu tu."

Afande akavua kofia yake. Akajipangusa jasho muda mrefu kuliko jasho lenyewe. Halafu akawaambia wale wazee waliotaka kuvuana vilemba asubuhi, "Nani anafuata?"

Basi ikawa hivyo mpaka jua likashuka. Kila nyumba ilikuja kwenye kipaza sauti na wimbo wake. Mzee mmoja alisema hawezi kuimba kwenye chuma cha makafiri. Mkewe akamwambia, "Toka basi, wewe endelea na dini yako, mimi niende na ngamia," akaimba yeye, na mzee akawa anapiga makofi kwa nyuma. Bendi ilikuwa haizijui nyimbo zile. Waliziokota hapo hapo, kila moja na mahali pake pa kumeza, na hawakukosea hata moja, vidole vya fundi vimechubuka. Malori yaliondoka matupu. Hiyo ndiyo mara pekee bendi ile ilipiga juu ya ardhi, na mashine ya kurekodi ilibaki ndani ya sanduku lake, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

Wakubwa wa mradi walikuja kutoka Nairobi wakaona maji ndani ya saruji mbichi. Fundi akahamishwa. Alikuja kuniaga na zawadi ya sukari, akaweka mkono kooni kwake, akameza, akacheka, akaenda. Mwalimu aliondoka shule ilipofungwa. Daktari alibaki mpaka vita vikaisha, kisha naye akaondoka na ngoma ndogo, na ile kubwa yenye jina akaiacha kwenye ghala, mchwa wakaila. Nilipojifunza kusoma, jina hilo ndicho kitu cha kwanza nilichotamani kukisoma, na hakikuwepo.

Sasa naishi mtaa wa Galbet, hapa hapa Garissa, nyumba ya mawe, maji yapo bombani yakitaka. Juzi mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi Nairobi, alikuja na kijana mwenye kamera. Wanaandika historia ya bendi ile. Huko ng'ambo watu wameisikia kutoka kwa yule fundi, amezeeka sana, na anasema uko wimbo mmoja ambao hakuna kanda yake duniani, uko kwa bibi mmoja wa Garissa kama bado yu hai. Kijana akaniwekea simu mbele, juu ya stuli, kwa heshima, kama anaweka mtoto. Nikamkumbuka mtu.

"Ayeeyo," mjukuu akasema, "kipande tu. Ukifa wimbo utapotea."

Hilo lilinichoma, siwafichi. Na yeye hajui wimbo ule. Alizaliwa mjini, hajawahi kushika kamba ya ngamia. Nikamwambia kwamba kaka yake bado ana ngamia malishoni, wengine ni wajukuu wa yule jike mwenye sikio lililokatika. Twende huko siku ya zamu ya maji, nitaimba mpaka mchoke, na yeye ataimba pamoja nami, ajifunze kwa kuona koo likimeza.

"Kuna joto, ayeeyo, na huyu anarudi Nairobi kesho. Imba hapa hapa. Nani atajua?"

Nje, ng'ambo ya ukuta wa jirani, niliona shingo ndefu imeinuka, ngamia wa maziwa wa watu, anatafuna, masikio yamesimama.

"Bila maji siimbi. Ngamia hadanganywi."